Kigugumizi cha Pikapu ya Kijani

Jumanne, 21 Oktoba 1997

Leo Michael kaleta pikapu yake mpya. Mpya kwake! Wajapani wameitumia miaka kumi na mbili wakaichoka, Dubai wakaipaka rangi ya kijani, sasa ni yetu. Siku hizi kila meli ikifika Dar inashusha magari ya namna hii. Sisi tulizoea Landrova, unafungua boneti, kila kitu unakiona. Haya yana komputa.

Michael ni mtu wa bara. Ananunua kaa hai kule Nyamisati, anawapeleka Dar kwenye mahoteli. Kaa akifa njiani ni uvundo tu. Kwa hiyo anataka gari lenye nguvu ya kupanda mchanga na matope, na hapohapo lisinywe petroli. Nikamwambia bwana, wewe unataka ng'ombe asiyekula majani na umkamue kila asubuhi. Kacheka. Ni mtu mzuri.

Dereva kampata — Ashrafu, shemeji yangu, mume wa Nasma mdogo wangu. Kaja nalo gereji anapiga honi toka barabarani kama bwana harusi.

Nilipoinama chini ya dashibodi nikakuta kitu sijawahi kukiona. Kisanduku cheusi, ukubwa wa kipande cha sabuni. Vitufe vitatu vya kuzungusha. Maandishi ya Kijapani. Waya zinazotoka kwenye injini kwenda kwenye komputa zimekatwa, kisanduku kimewekwa katikati. Hakikuja na gari kutoka kiwandani. Kuna mtu alikipachika mwenyewe, kwa mkono, na alikuwa na mkono safi. Kila kiungo kimevikwa utepe wake.

Alhamisi, 23 Oktoba

Nimekielewa!

Kisanduku ni mmbea. Injini inamwambia komputa: nimevuta hewa kiasi hiki, nipe petroli yake. Kisanduku kinadaka maneno njiani, kinayabadilisha, kinayapeleka. Komputa anaamini, anatoa petroli kufuata umbea. Kitufe cha kwanza ni cha mwendo mdogo, cha pili mwendo wa kati, cha tatu ukikanyaga mpaka chini. Kuongeza umbea au kupunguza, basi.

Kutwa nzima nimezungusha, nimefungua plagi, nimetazama. Plagi nyeusi — petroli nyingi. Plagi nyeupe — inakauka, itaunguza injini. Nataka rangi ya kahawia, kama mkate. Ashrafu kakaa pembeni anatafuna korosho, maganda kayamwaga chini yote, ananiita fundi wa umbea. Ati nikimaliza gari nimpachikie na yeye kimoja, Nasma akimuuliza alikuwa wapi kisanduku kijibu.

Jumapili, 2 Novemba

Pikapu inapanda! Kilima kile cha mchanga ukitoka bondeni, ambacho magari yote yanashuka rivasi yakajaribu tena, yenyewe inapanda gia ya pili bila kuomba. Na petroli imepungua kweli. Michael kanishika mkono kwa mikono miwili.

Kasoro moja tu. Ikitoka gia ya pili kwenda ya tatu ina kigugumizi. Inasita, inakohoa kidogo, halafu inatoka. Nimejaribu kitufe cha pili juu, nimejaribu chini, hakitoki. Ashrafu anasema niache, gari limekuwa na jina lake mwenyewe. Kweli. Mtaa mzima wanalijua. Likiwa linapanda kutoka bondeni, unasikia mngurumo, unasikia kale kakikohozi, na Nasma upande wa pili wa ua, kwa mama mkwe wake, anabandika sufuria ya wali. Likifika mlangoni wali umeiva.

Mvua imeanza. Redio inasema mvua ya mwaka huu ina jina, Elinino.

Jumatano, 17 Desemba

Mvua haijakatika tangu Jumapili. Gereji ni ziwa. Ashrafu aliondoka jana asubuhi kwenda Nyamisati, alikuwa arudi jana. Hajarudi.

Alhamisi, 18 Desemba

Nimekwenda bondeni na Michael, kwa miguu, matope mpaka magotini. Kulikuwa na mchoma mkaa na baiskeli yake. Yeye ndiye aliyeona. Juzi alasiri, anasema, pikapu ya kijani imeingia kwenye maji taratibu, taa zinawaka mchana. Maji hayakufika kifuani, anaapa. Dereva kampungia mkono. Ikashuka mvua moja nene, hata mkono wako huuoni. Ilipopungua — maji tu.

Tukatafuta kuteremka na mkondo. Kwenye matete tukawakuta kaa. Wamefungwa magando kwa kamba, vilevile kama walivyofungwa Nyamisati, wamekwama, wazima, macho yamesimama. Michael kachutama akaanza kuwafungua mmoja mmoja, anawaachia kwenye maji. Nikamsaidia.

Nimemwambia Nasma nini? Nimemwambia tunatafuta.

Jumatatu, 22 Desemba

Maji yamepungua. Bonde lote tumelikanyaga, mpaka linapokutana na mkono wa mto. Michael kakodi mitumbwi miwili, wameingiza miti mirefu kila shimo. Hakuna mwili. Hakuna gari. Hata taili. Hata kioo! Gari zima, chuma kitupu, haliyeyuki kama sukari.

Nasma halii. Anapakua, anafunika, anaweka.

Ijumaa, 2 Januari 1998

Naandika haraka kabla sijajibishana na nafsi yangu.

Leo, baada ya swala ya Ijumaa. Mfungo wa Ramadhani, mtaa umelala, jua limetoka baada ya siku nyingi. Nilikuwa gereji nasafisha kabureta ya Landrova ya misheni. Nikasikia gari linapanda kutoka bondeni. Gia ya pili. Mkono wangu ukasimama wenyewe. Nikasema moyoni, sasa. Na likakohoa. Palepale pake. Likatoka gia ya tatu — likanyamaza. Si kwamba lilikwenda mbali. Lilinyamaza kama redio imezimwa.

Nilitoka barabarani. Peupe, hamna kitu. Vumbi halipo kwa sababu ya tope, lakini tope nalo halina alama.

Niliporudi Nasma amesimama mlangoni kwangu, kanga begani, kichwa wazi, mikono ina unga.

"Kaka, umesikia."

Hakuuliza. Alisema tu hivyo.

Nikamwambia magari ni mengi siku hizi. Akanitazama kama mtu anayetazama plagi.

Jumatatu, 5 Januari

Tena. Saa saba mchana. Kigugumizi kipo lakini kifupi, kimeguswa tu. Nimejiambia ni saumu, ni kiu, ni jua la utosini. Lakini yule mbuzi wa jirani alinyanyua kichwa akageukia bondeni. Mbuzi hafungi.

Watu wameanza kufunga madirisha mchana. Hakuna anayesema kwa nini. Ati vumbi!

Alhamisi, 8 Januari

Wamekuja nyumbani Shekhe Bwanaheri na Mama Mwanabibi, mama yake Ashrafu. Mama ametaka mwanawe asaliwe, hitima isomwe, na Nasma aingie eda, mambo yaende yanavyotakiwa kwenda. Amesema kwa sauti kavu, kama anayeagiza chumvi.

Shekhe akaeleza. Mtu aliyepotea tu, mkewe hungoja miaka. Lakini aliyeonekana akiingia kwenye mafuriko na asionekane tena, huyo inawezekana kuhukumiwa amekufa. Hapo hana tatizo. Tatizo lake ni jingine, na akalisema akitazama chini: mtaa unasema gari linasikika. Nasma mwenyewe kamtumia salamu kwamba mumewe anakuja na hawezi kukaa eda ya mtu anayekuja.

"Mimi siwezi kumsalia mtu ghaibu huku gari lake linapanda kilima," akasema. "Sikio la kujua ni lako, Tamimu. Wewe ndiye uliyelitengeneza. Ni lile au si lile?"

Nimeomba muda. Nimesema nataka kusikiliza vizuri. Mama Mwanabibi kainuka bila kuaga.

Jumapili, 11 Januari

Sijui niandikeje.

Amekuja mtu wa Mbwera, kule mto unapoingia baharini, anaitwa Maneno, mvuvi. Kasikia huku kwetu Kibiti tunatafuta vitu vya gari. Kafungua kitambaa — kisanduku. Kisanduku chenyewe! Maandishi ya Kijapani, mkwaruzo nilioufanya mimi kwa bisibisi ubavuni.

Nikamuuliza umekiokota wapi, ufukweni? Akasema hapana. Kimetundikwa. Ndani kabisa kwenye kijito, mahali hata mtumbwi unapita kwa kusukuma na mkono, kwenye tawi la mkoko, juu, hata maji yakijaa hayafiki. Kimening'inizwa kwa waya wake mwenyewe, kimefungwa fundo. Nikamuuliza kuna gari linaweza kufika pale? Alinitazama kwa huruma. Pale hata mbuzi hafiki.

Alipoondoka nikakaa nacho. Waya hazikukatika kwa kuvutwa. Zimekatwa kwa koleo, sawasawa, na kila ncha imevikwa utepe wake. Ndani kikavu. Ashrafu hajui hata kubadilisha fyuzi.

Sasa naweza kusema ni mwizi. Gari lilichukuliwa, likafunguliwa, likauzwa vipande Kusini huko. Hiyo inaeleweka. Lakini mwizi hatundiki kitu mkokoni kama mtu anayetundika kofia aingie ndani.

Jumatatu, 12 Januari

Kisanduku kilikuwa mezani mbele yangu. Nimeweka mkono juu yake kabisa.

Saa saba na kitu likapanda. Gia ya pili. Nikangoja. Likaingia ya tatu — laini, kama maji yanavyomiminwa. Hakuna kikohozi. Hakuna kusita. Sijawahi kusikia injini imekaa sawa namna ile, wala Dar, wala popote. Bila shaka. Mmbea ametolewa. Hakuna anayeidanganya tena.

Kisha sauti ya Nasma juu ya ua, kawaida kabisa, kama anaomba kibiriti:

"Kaka, kigugumizi kimekwisha. Umelitengeneza lini?"

Nikaondoa mkono juu ya kisanduku. Miguu ilikuwa baridi. Januari hii!

Jumanne, 13 Januari

Nimemwonyesha Michael kisanduku. Kaomba nikiweke pale mezani, yeye hataki kukishika. Anasema kwao mtu aliyekufa kwa maji huimbiwa ili alale, na yeye amekwenda kanisani akamwombea Ashrafu ingawa si wa dini yake. Aliniuliza hilo si kosa? Nikasema si kosa.

Akaniuliza kama ni kweli gari linasikika. Anasema yeye halisikii. Ameshasimama barabarani saa hiyo na mimi nilikuwa gereji, na hakusikia kitu. Tukalinganisha siku. Siku ile ile. Mimi nilisikia.

Jumatano, 14 Januari

Nimekwenda kwa Mama Mwanabibi asubuhi kabla ya kwenda kwa shekhe. Nilitaka kumwambia sitoweza. Nilitaka kumwambia mama, nimesikia kwa masikio yangu, siwezi kumvika mdogo wangu ujane huku nasikia.

Alikuwa anapepeta mpunga. Akaniacha niseme mpaka mwisho. Halafu akaweka ungo chini.

"Tamimu mwanangu, unadhani mimi silisikii?"

Nikakaa mkekani.

"Nalisikia kuliko nyinyi. Nalisikia kabla halijafika kilimani. Nasikia na anayeliendesha." Akanishika mkono, mkono wake ulikuwa na pumba za mpunga. "Ashrafu anaimba akiendesha. Tangu yuko mdogo, hata akisukuma gurudumu la baiskeli anaimba. Huyu haimbi. Huyu kimya. Ndiyo maana nataka mwanangu azikwe. Asikwe haraka, mlango wake ufungwe, kabla huyo hajajifunza na kuimba."

Niliandika "asikwe". Azikwe.

Nimetoka pale moja kwa moja mpaka msikitini. Shekhe akaniuliza mbele ya watu wawili. Nikasema: gari nililolitengeneza mimi lilikuwa na kigugumizi, mtaa mzima ni shahidi. Hili linalosikika halina. Na kisanduku cha gari lile ninacho mimi nyumbani. Kwa hiyo si lile.

Shekhe akashusha pumzi, akasema alhamdulillahi. Mimi sikushusha kitu.

Ijumaa, 16 Januari

Amesaliwa. Watu walikuwa wengi mpaka nje. Michael alisimama chini ya mnazi, kavua kofia, mpaka mwisho.

Nasma ameingizwa ndani. Miezi minne na siku kumi. Nilikwenda kumwambia mwenyewe kabla ya wanawake kumchukua, kwamba mimi ndiye niliyesema. Nilitegemea atanipigia kelele. Hakunipigia. Akaniuliza kitu kimoja tu:

"Uliposema si lile, ulikuwa na uhakika?"

Nikasema ndiyo.

"Basi sawa, kaka," akasema. "Mimi nitakaa."

Saa saba leo hakuna kitu. Kimya. Nimesikia kuku, nimesikia mtu anatwanga.

Jumatano, 21 Januari

Kimya bado. Siku zote hizi. Watu wanafungua madirisha. Mama Mwanabibi amenitumia bakuli la tambi za futari — mara ya kwanza.

Nimekichukua kisanduku nikakizika nyuma ya gereji. Kisha nikajiona mjinga, nikakifukua, nikampa mtu wa lori aende nacho Dar akakitupe. Sijui kama atakitupa. Kitu chenye vitufe, mtu atakiuza tu.

Jumamosi, 31 Januari

Jana ilikuwa Idi. Tulikula vizuri. Michael alileta samaki. Watoto walivaa nguo mpya, mvua haikunyesha. Nasma hakutoka, nilimpelekea sahani mpaka mlangoni, akasema asante. Sauti yake nzuri, imetulia. Nilisema moyoni, imepita.

Sasa ni mchana. Nimekaa kibarazani kwangu, naandika mambo ya Idi, na —

Linapanda.

Nasikia vizuri. Gia ya pili. Ya tatu. Halijanyamaza pale linaponyamaza siku zote. Limeshika barabara kubwa. Limepita sokoni — nasikia mwangwi wake kwenye kuta za maduka. Mtu amefunga dirisha. Mwingine. Mwingine.

Limekata kona ya mtaa wetu.

Liko nje. Upande wa nyumba ya Mama Mwanabibi, mbele ya mlango wao. Mimi nikikaa hapa ua unanizuia kuona, na sijasimama. Linanguruma papo hapo, taratibu, sawasawa, hata kijiko kwenye kikombe changu hakitikisiki.

Mama Mwanabibi ameanza kusoma Yasini kwa sauti. Anakosea. Anarudia aya ile ile.

Nasma ameniita. Hajapaza sauti.

"Kaka. Kuna mtu mlangoni."

Nikamwambia usitoke.

"Sitoki. Mimi siruhusiwi, nyinyi mmesema nina eda. Lakini wewe huna eda, kaka. Na kama si lile, hutomjua. Nenda kamfungulie."

Nimesema naja. Bado nimekaa. Naandika ili mkono uwe na kazi.

Mama ameacha kusoma. Si kwamba amemaliza. Ameacha katikati ya neno, na sasa mtaa mzima hakuna mtu anayepumua, kwa sababu huko nje, kwa chini sana, kama mtu anayejaribu kukumbuka wimbo alioupata mahali, anakosea hapa, anarudia —

Nasma amecheka. Kicheko chake cha siku zile.

Injini imezimwa. Mlango wa gari umefunguliwa. Nangoja nisikie ukifungwa